Mama Aliyepona Mara Mbili Redioni

Redio yetu ya Masasi ilitangaza kwamba mwanamke mmoja wa Lukuledi amepona, asubuhi ile ile ndugu zake walipokuwa wanachimba kaburi lake.

Fundi mitambo nilikuwa mimi. Ilikuwa miaka ya soko huria, mtu aliyepata fedha anaruhusiwa kuanzisha chochote, na bosi wetu, mnunuzi wa korosho kutoka Tandahimba, akaanzisha redio. Hakuwa na mengi ya kuwaambia wananchi. Alipenda tu kuwa na mnara. Kilichotuweka hewani ni matangazo ya misiba, harusi na mbuzi waliopotea, maana simu za mkononi zilikuwa zimefika mjini lakini vijijini hazijashika mtandao.

Matangazo hayo yalichezwa na kompyuta ndogo isiyo na diski ya kuzunguka. Diski zilikuwa zinakufa kwa vumbi na kwa umeme wetu, kwa hiyo nilichagua kompyuta inayohifadhi kila kitu kwenye chipu ya kumbukumbu, ile isiyosahau hata umeme ukikatika. Mtangazaji alirekodi tangazo jioni, akaliweka kwenye nafasi yake, tuseme tangazo la tatu la asubuhi, na lile lililokuwepo kwenye nafasi hiyo likafutika. Ndivyo ilivyotakiwa.

Mtoto wa marehemu alikuja siku chache baada ya mazishi. Alikuwa mwalimu, mtu mzima, shati jeupe limenyooshwa vizuri.

"Shikamoo," nilimwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi."

"Mama yangu amepona mara mbili kwenye redio yenu. Mara ya kwanza ilikuwa kweli."

Akaketi, akaeleza. Mwanzoni alileta tangazo la kuwashukuru madaktari na majirani, kwamba mama ametoka hospitali na anaendelea vizuri. Baadaye mama akazidiwa, akafariki, naye akaleta tangazo la msiba. Asubuhi yake tukacheza lile la shukrani. Mama yake mdogo, aliyeolewa Newala, alikuwa ameshapata fununu za msiba kutoka kwa dereva wa lori na ameshafunga khanga zake za safari. Aliposikia redio akazifungua. Dada yake akazikwa yeye hayupo.

"Sikuja kuombwa radhi," mwalimu alisema. "Nataka kujua ilikuwaje. Mama mdogo ananiuliza mimi."

Mtangazaji wetu, mama wa makamo ambaye hata kuomba chumvi aliomba kwa sauti ya taarifa ya habari, aliapa kwamba jioni ile alilisikiliza tangazo la msiba baada ya kulirekodi na kuliweka kwenye nafasi ya lile la shukrani, na lilikuwa lenyewe. Nilimwamini, na hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi. Maana yake ni kwamba kompyuta ilisema kweli jioni ikasema uongo asubuhi. Katikati ya hapo umeme ulikuwa umekatika.

Nikamwambia mwalimu kwamba sijui, nitatafuta. Aliitikia kwa kichwa kama anayemkubalia mwanafunzi asiyefanya zoezi la nyumbani.

Nikatunga programu fupi ya kuandika faili kwenye chipu na kulisoma tena. Kila mara lilisomeka vizuri. Nilijipongeza kwa siku kadhaa, mpaka nilipogundua kwamba sikuwa naisoma chipu. Kompyuta ilikuwa inanisomea, kama bila shaka ilivyomsomea mtangazaji jioni ile, nakala iliyobaki kwenye memori ya muda, ambayo hupotea umeme ukizima. Nikaanza kuchomoa waya wa umeme kila baada ya kuandika. Hapo kosa likajitokeza: mara nyingi nilikuta faili jipya, mara chache nilikuta la zamani.

Mfumo wa kompyuta ile ulikuwa wa wazi, yeyote anaweza kuusoma. Nikaingia kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo, na humo nikaenda kwenye draiva, ile sehemu inayojua kuzungumza na kidhibiti cha chipu. Nikapachika mstari mmoja wa kuonyesha ujumbe kwenye skrini: nimeandika. Kosa likatoweka. Nikautoa mstari, likarudi. Nikaurudisha, likaondoka tena.

Nikaenda kumweleza bosi.

"Kwa hiyo ukiweka hayo maneno inapona?" aliuliza.

"Inaonekana hivyo."

"Yaache."

"Bosi, hayafanyi kazi yoyote. Yanasema tu."

"Hata redio yangu inasema tu. Yaache."

Ningeweza kuyaacha. Lakini mwalimu angerudi kuuliza, na nisingeweza kumwambia kwamba yote yalitokea kwa sababu kompyuta haikuwa na la kusema.

Nilipoacha kuyafikiria maneno nikafikiria muda ndipo nikaona. Kuonyesha ujumbe kunachukua muda, mdogo sana, lakini upo. Draiva ilikuwa inaipa chipu amri ya kuandika, halafu papo hapo inauliza kama imemaliza. Chipu nayo inahitaji kitambo kabla ya kuonyesha kwamba ina kazi. Bodi ya kwanza ya kompyuta yetu ilikuwa imeungua, tukaweka nyingine yenye chipu ya kiwanda kingine, na chipu hii ilichelewa kidogo kuonyesha hivyo. Draiva ikaiona kama imekaa bure, ikatuma amri inayofuata. Chipu ikiwa kazini haisikilizi, na wala hailalamiki. Amri ikapotea, tangazo jipya likabaki nusu, na umeme uliporudi kompyuta ikakuta tangazo zima ni lile la zamani, lililokuwa bado halijafutika.

Marekebisho hayakujaza hata nafasi ya kiganja kwenye skrini: ngoja kidogo ndipo uulize, na ukiambiwa kazi imekwisha, uliza kama imefanikiwa. Nilichomoa waya mpaka soketi ikalegea, kosa halikurudi. Nikayatuma kwa barua pepe kwa watunzaji wa draiva hiyo, ng'ambo. Mmoja akajibu kwamba ni sahihi, ila mistari yangu imeanza kwa nafasi tupu badala ya kitufe cha tabo, nirekebishe nitume upya. Nikarekebisha, nikatuma upya.

Mwalimu aliporudi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo haikungoja jibu."

"Ilipata jibu, mwalimu. Lakini lilikuwa jibu la kabla ya kazi kuanza."

Akainuka. "Kamwambie mama mdogo mwenyewe."

Nikapanda Newala na pikapu ya bosi, mwalimu akikaa mbele na dereva. Mama mdogo alikuwa anamenya mihogo. Aliitikia shikamoo yangu, akasikiliza maelezo yangu bila kuacha kisu.

"Siku ile nilichinja jogoo," alisema. "Nikaita majirani. Dada yangu anafukiwa, mimi nagawa minofu."

Nilimwambia pole.

"Gari linarudi na nafasi?"

Lilikuwa na nafasi. Akaingia ndani kubadilisha nguo, na jioni ile tukafika Lukuledi. Kwenye kaburi alikaa chini, akazungumza Kimakua bila haraka. Mimi ni wa Lupaso, na kwetu ni Kimakua hicho hicho, nilielewa kila neno. Hakuwa analia wala kuomba. Alikuwa anampa dada yake habari za Newala: nani kajifungua, nani kahama, paa la jikoni limeezuliwa na upepo. Habari zilikuwa nyingi. Mwalimu na mimi tulisimama kando mpaka zikaisha, kisha mama mdogo akaomba maji ya kunawa, kama atokaye kuzika.