Koti la Mvua Ukweni Kagoma

Sababu ya safari ilikuwa posa. Koku, mchumba wangu, alinipigia simu akaniambia kwamba baba yake, Ta Evodius, amekubali kunisikiliza Jumamosi nyumbani kwao Kagoma, wilayani Muleba. Akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa tu, kwamba wanaume wawili walishafika kabla yangu kumposa yeye huyo huyo Koku, na wote wawili walirudishwa na zawadi zao mkononi. Nikauliza walikosea nini. Akasema hajui, baba yake si mtu wa kujieleza. Mimi nije tu, ila nije na koti la mvua, maana huko kunanyesha si mchezo.

Hapo alinichokoza. Mimi Dodoma ninauza makoti. Nina meza yangu sokoni, nafungua belo la mitumba, nachambua, navalisha watu wa maofisini. Mtu akitaka kujua jaketi gani linakaa vizuri juu ya suruali ya kadeti na raba nyeupe, anakuja kwangu. Makoti ya mvua nimeuza mengi na kila moja nimeliapia. Ni kweli kwamba Dodoma mvua ni ya kubahatisha na sijawahi kunyeshewa nikiwa ndani ya hata moja, lakini jambo hilo halikunijia kichwani. Nilichagua lile la kaki, refu, lenye kamba kiunoni na mifuko sita, nikajitazama kwenye kioo cha jirani yangu muuza miwani, nikajipenda sana.

Alhamisi alfajiri nilipanda basi nikiwa nimelivaa. Singida jua, Nzega jua, Kahama jua la kukaanga mayai. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi, lakini sikulivua, kwa sababu abiria wa kiti cha nyuma alikuwa amelisifia. Biharamulo mawingu yakaanza kujikusanya, na tulipoingia Muleba mvua ilikuwa inapiga vioo. Nilifurahi peke yangu.

Stendi ya Bukoba nilichukua pikipiki kwenda Kashai, ambako ningefikia. Mwendo wenyewe ni mfupi, lakini ulitosha. Kwanza nilisikia ubaridi begani, halafu mgongoni, halafu ile mifuko sita ikajaa maji, mmoja ukiwa na simu yangu, iliyopona kwa bahati tu. Nikawakumbuka wateja wangu wote niliowaapia, nikaona aibu ya kweli. Mwenyeji wangu Novatus, rafiki yangu wa chuo ambaye ni mwalimu hapo na ndiye aliyekubali kuwa mshenga wangu, alisimama mlangoni akinitazama nikichuruzika. Akauliza kama nimekuja kwa barabara au nimekuja kwa kuogelea.

Ijumaa asubuhi alinipeleka Miembeni, kwenye duka la Ma Leokadia, mama wa makamo anayeuza makoti tu. Kama fala, nilimwambia mimi na yeye tuko kazi moja. Hakunibishia. Alichukua kikombe cha maji, akamwagia kidogo kwenye koti langu la kaki, tukasimama wote watatu tukiyaangalia yakizama. Akamwagia mengine kwenye koti la bluu iliyoiva lililoning'inia ukutani. Yakajikunja matone, yakateleza mpaka sakafuni.

Kisha akaligeuza ndani nje na kunionyesha utepe mwembamba uliogandishwa juu ya kila mshono. "Maji hayaingilii kwenye kitambaa tu, waitu," alisema, kwa lile neno la upole la Wahaya. "Yanaingilia hata kwenye matundu ya sindano."

Miaka yangu yote ya sokoni sikuwahi kuliwaza hilo. Ma Leokadia akaniona nimenywea, akaendelea kunifundisha bila huruma. Alinivalisha lile la bluu, akanikalisha kwenye stuli kama niko kwenye pikipiki, mikono mbele, ili aone kama mikono ya koti inapanda na kuacha vifundo vya mikono wazi. Alinivalisha kofia ya koti akaniamuru nitazame kulia. Kofia ikigeuka na kichwa, nzuri. Ikibaki mbele na uso ukapotelea ndani, hilo ni koti la mtu anayetaka kugongwa. Zipu iwe na kifuniko. Kwapani kuwe na vitundu vya hewa, la sivyo utalowa kwa jasho lako na kusingizia mvua.

Kuhusu kupendeza alikuwa na msimamo mkali kuliko mimi. Alisema vijana wa mjini wanaliharibu koti la mvua kwa kutaka kila kitu kionekane, ilhali lenyewe tayari linang'aa na linapiga kelele. Vingine vyote vinyamaze: suruali nyembamba ya rangi ya kukolea isiyoburuta kwenye tope, kiatu cha ngozi chenye soli ya mpira, na kama unataka rangi, weka sehemu moja tu, shingoni. Nilitamani kuwa na daftari.

Tatizo likawa kanzu. Huku mwanamume akienda ukweni kwa shughuli ya heshima huvaa kanzu na koti juu yake, koti la suti, zito, lenye kola. Nilikuwa na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Koti la suti nililibeba pia, ila nililitia chini ya begi, na begi lilikuwa limelowa pamoja nami; kanzu ilikauka usiku, koti halikukauka. Nikatazama lile la bluu. Lilikuwa na kola iliyosimama, vifungo juu ya zipu, na kofia iliyokunjwa ikafichwa ndani ya kola isionekane. Nikasema litafanya kazi zote mbili. Novatus akaniambia wazi kwamba Ta Evodius ni mtu wa zamani na nitamchefua. Nikamjibu kwamba mitindo ndiyo kazi yangu, nikalilipia. Mtu aliyelowa jana yake angekuwa mnyenyekevu zaidi, lakini mimi ndivyo nilivyo.

Jumamosi, saa tatu, tuliondoka Bukoba. Ndani ya gari Novatus alinikumbusha masharti. Zawadi zetu, yaani sukari, blanketi na kibuyu cha rubisi, ile pombe ya ndizi, tutaziweka pembeni mwa mlango. Wakituambia tuondoke nazo, ndiyo tumekataliwa. Nisivue koti bila baba kunikaribisha. Mama mkwe nisimsogelee wala kumkazia macho. Na nikishaketi, nisinyanyuke mpaka mazungumzo yaishe, kwa sababu anayenyanyuka katikati amelifuta ombi lake mwenyewe. Alilirudia hilo la mwisho mara tatu.

Tulifika Kagoma jua likiwaka. Nyumba imezungukwa na migomba na mibuni, na uani kulikuwa na mikeka iliyojaa kahawa iliyoanikwa, nyekundu iliyoanza kugeuka nyeusi. Ta Evodius alitupokea ndani akiwa na kanzu na koti lake la sufu la kahawia. Tukaketi. Koku akaingia na kikapu kidogo cha akamwani, buni za kutafuna anazopewa mgeni, akapiga magoti, akatoka bila kunitazama. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mzaha umekwisha. Nilikuwa nataka kumwoa yule msichana, na neno lilikuwa mdomoni mwa mzee mmoja.

Novatus akaanza hotuba yake. Nikajiweka sawa kitini, koti likasema chakacha. Mzee akageuka kunitazama. Novatus akaendelea. Nikajipangusa jasho, chakacha. Mzee akainua mkono kumsimamisha Novatus katikati ya sentensi nzuri sana kuhusu ukoo wangu.

"Mgeni," alisema kwa upole, "hilo ni koti au turubai?"

Novatus akafumba macho. Nikaeleza kwamba ni koti la mvua, ila limeshonwa kwa namna ya koti la heshima. Mzee akatazama dirishani, kwenye lile jua, akanitazama mimi tena. Nilitamani sakafu inimeze na koti langu.

Halafu mvua ikaja. Hakuna aliyeisikia ikitoka mbali, ilianguka tu juu ya bati, yote kwa pamoja. Huko nje mtu akapiga yowe kwamba kahawa inalowa. Mzee akasimama, akalitazama koti lake la sufu, akalitazama langu, akanyoosha mkono. "Livue."

Nikavua nikampa. Akatupa la sufu kitini, akavaa langu, akatoka mbio kwa miguu ya umri wake. Nikabaki na kanzu tupu ukweni, karibu sawa na kuwa uchi, huku Novatus akinishika goti na kunong'ona kwamba nisinyanyuke, nisithubutu. Kupitia mlangoni nilimwona Koku akikunja mkeka mkubwa na kuuvuta, na mkeka haukwenda. Nikamwona mzee akihangaika na mwingine. Kahawa ilikuwa inaelea.

Nilinyanyuka. Nasema ukweli, sikufikiri. Nilipita mbele ya Novatus aliyeshika kichwa, nikaingia mvuani, nikashika upande wa pili wa mkeka wa Koku. Tukauingiza ghalani, tukarudi kwa mwingine, na mwingine. Kwenye mkeka wa mwisho uani alikuwa mama mkwe mwenyewe, akanipa mgongo na kuvuta khanga usoni, nami nikakazia macho kahawa, na hivyo ndivyo tulivyoubeba mkeka mmoja bila kuonana. Tulipomaliza kanzu yangu ilikuwa nyekundu kwa tope mpaka kifuani.

Tulirudi ndani. Nilisimama karibu na mlango kwa sababu sikujua kama bado nina haki ya kiti. Ta Evodius alikaa, akapangusa matone kwenye mkono wa koti, akaingiza vidole kifuani kupapasa kanzu yake. Ilikuwa kavu. Akapapasa kwapani. Kavu. Alikaa anajipapasa muda mrefu.

Novatus akaanza kuniombea radhi kwa kunyanyuka. Mzee akamkatiza.

"Wale wawili walikuja wakati wa kuanika, na mvua ilinyesha, na walikaa," alisema. "Wamevaa vizuri, wamekaa vizuri, wananingoja niwape binti yangu huku kahawa yangu inaondoka na maji." Akanigeukia. "Vitu vyenu pale mlangoni vibaki. Na hili pia linabaki. Sasa nionyeshe hiyo kofia inatokea wapi."

Nilimtolea kofia kwenye kola. Akaivaa humo humo ndani, akageuza kichwa kulia na kushoto, ikamfuata. Kutoka jikoni nilisikia Koku akicheka na kulia kwa wakati mmoja.

Jioni tulirudi Bukoba mvua ikiendelea. Nilikuwa na kanzu ya tope, begani nimejitupia koti la sufu nililoazimwa, ambalo likilowa linanuka beberu. Nilikuwa nimelowa mpaka mifupani na nikaimba njia nzima, hata Novatus akaomba nipumzike. Nilijifunza mengi katika safari ile kuhusu mishono, zipu na vitundu vya kwapani, na wateja wangu wa Dodoma watanisamehe kwa yaliyopita. Ila nimejifunza pia kwamba koti zuri ni lile linalokuwezesha kutoka nje kunapokuwa na kazi, na kwamba kuna siku kazi hiyo utaifanya bila koti lenyewe.

Jumapili mchana, nikiwa nafunga begi, Koku akapiga simu. Baba yake amekwenda ibadani na koti la bluu juu ya kanzu, jua linawaka, kofia kichwani. Mama yake amenuna. Anasema mtoto alimzaa yeye, halafu koti kavaa mwingine.

Nikaenda mbio Miembeni, nikamkuta Ma Leokadia anafungua duka baada ya ibada. Tulichagua la kijani kibichi, refu kiasi cha kufunika gomesi, lile gauni la heshima la akina mama wa huku, kofia pana inayomeza kilemba. Akauliza saizi. Nikakwama. Mama mkwe nilimwona mgongo tu, tena kupitia mvua, na hata huo mgongo sikupaswa kuutazama. Nikampigia Koku.

"Chukua linalonitosha mimi," alisema, "halafu ongeza saizi mbili. Na wewe uizoee saizi hiyo mapema, nami nitafika huko."