Jioni ya Kumwandalia Mjomba Tembo

Nilirudi kutoka chuo kikuu, Kampala, nikiwa na shahada moja, suti moja, na ujuzi wa mvinyo uliotokana na glasi mbili. Glasi hizo nilizinywa nyumbani kwa profesa wangu, Mwingereza, aliyetualika wanafunzi wachache chakula cha usiku na kutueleza kwamba mvinyo mweupe ni wa samaki na mwekundu ni wa nyama. Nililiandika jambo hilo kwenye daftari. Huku Tanganyika, sheria ya Waingereza haikumruhusu Mwafrika kununua mvinyo bila kibali, kwa hiyo nikawa mtaalamu wa kitu nisichoweza kukigusa. Utaalamu wa namna hiyo humfanya mtu aongee sana.

Aliyenisikiliza zaidi alikuwa mchumba wangu. Nilikuwa nafundisha Temeke, naye akiishi hapo hapo kwa mjomba wake; walikuwa Wakristo waliotoka Masasi. Kwao baba huzaa, lakini anayemwoza binti ni mjomba. Na mjomba huyu, mgema mwenye kilabu kidogo cha tembo la mnazi nyuma ya nyumba yake, alikuwa amekwisha kuwarudisha mikono mitupu washenga wa makarani wawili. Mchumba wangu akamsimulia habari za mvinyo na samaki ili anipandishe cheo. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho.

"Basi Jumamosi aje atupangie tembo na chakula," akasema. "Mwenyeji awe yeye. Nataka nione anavyokaribisha watu kabla sijampa mtoto."

Nilifika saa kumi na moja jioni, nimevaa suti, na taulo jeupe nimelitundika mkononi kama nilivyomwona mtumishi wa profesa. Mjomba alikuwa ameketi mkekani uani kwake, pamoja na mkewe na mgema mwenzake, mzee wa Kizaramo. Mimi ni Mnyamwezi, na Wazaramo ni watani wetu, kwa hiyo mzee huyo alikuwa na haki ya kunitukana hata kabla hatujajuana.

"Shikamooni."

"Marahaba. Na taulo hilo, mwalimu, umekuja kuoga?" akaniuliza yule mtani.

Kazi yangu nilikuwa nimeipanga vizuri. Palikuwa na vibuyu vitatu: tembo lililogemwa mchana ule, ambalo bado ni tamu, la asubuhi, lililoanza kuchangamka, na la jana, linalomfanya mtu afumbe jicho moja. Jikoni, mchumba wangu alikuwa ameandaa korosho za kukaanga, samaki wa kuchoma, na pweza wa kuungwa kwa pilipili na ndimu.

Nikaanza na tembo tamu na korosho. Nikammiminia mjomba kifuu, mkewe kifuu, mtani kifuu, nikasimama pembeni, mikono nyuma, nikatoa mhadhara. Nilisema utamu wa tembo unakutana na mafuta ya korosho na kupatana nayo. Wakazila korosho zote. Tembo hawakuligusa.

Nikajua nimekosea mpango. Nikaleta vifuu vingine, nikamimina tembo la asubuhi, nikaleta samaki. Nikatoa mhadhara wa pili, mrefu kidogo. Samaki akabaki miiba. Vifuu vikabaki vimejaa, nzi mmoja akitembea ukingoni mwa kile cha mtani.

Hapo nikamwona mchumba wangu mlangoni mwa jikoni, nyuma ya mgongo wa mjomba, akijigusa mdomo kwa vidole. Nikafikiri nina korosho mdomoni, ingawa sikuwa nimekula hata moja. Nikajifuta kwa taulo. Akajigusa tena, kwa nguvu zaidi. Nikajifuta tena, mpaka kidevuni. Akajipiga kofi kwenye paji la uso, akarudi ndani.

Nikatoa silaha ya mwisho: tembo la jana na pweza. Pweza hakuchukua muda. Mtani alilamba hata sahani. Lakini sasa vifuu tisa vilikuwa vimepangwa mkekani, vyote vimejaa, na mjomba akaokota kofia yake kama mgeni anayetaka kuaga.

"Mama," nikamwambia mkewe, "kuna kasoro gani?"

"Mwanangu," akasema taratibu, "sisi tumekukosea nini?"

"Anataka kutumaliza!" mtani akadakia. "Mnyamwezi amebeba mizigo ya watu miaka yote hiyo, leo kaja kulipiza! Na mie nimekula pweza wake, jamani!"

Mjomba hakucheka. "Kwa baba yako, anayekupa pombe haonji kwanza?"

Nilihisi joto likinipanda kutoka kwenye viatu. Kwa baba yangu! Tangu nilipopata akili nimemwona baba akipiga funda la kwanza mbele ya mgeni ndipo ampe chombo, ili mgeni ajue hakuna sumu wala uchawi ndani. Hata mtoto anajua hilo. Mimi nilikuwa nimelisahau kwa sababu profesa wangu alijimiminia mwisho. Miaka mingi baadaye nilisoma kitabuni kwamba hata kwa Waingereza mwenye meza ndiye huonja kwanza. Inaelekea yule wangu alisahau tu.

Mjomba alikuwa anavaa kofia. Nikapiga magoti na suti yangu, nikachukua kifuu chake, nikanywa chote. Nikachukua cha mkewe, kisha cha mtani, pamoja na nzi wake.

"Inatosha, mwalimu," akasema mke wa mjomba.

Haikutosha. Niliona kila kifuu nitakachokiacha kitakuwa ushahidi dhidi yangu. Nikamaliza la asubuhi, nikaingia kwenye la jana. Kufikia kifuu cha nane, minazi ya Temeke ilikuwa inanisogelea ili ione vizuri.

Mjomba akaivua kofia, akaishika mkononi. "Haya, msomi. Sasa umeonja. Lipi linakwenda na pweza?"

Nikafikiri sana. "Mjomba, sijui. Pweza mmemla wote."

Kicheko kilianzia jikoni, kikampata mtani, kisha mke wa mjomba, na mwisho mjomba mwenyewe, ambaye alicheka kimya, mabega yakimtikisika. Akaagiza pweza aliyebaki chunguni aletwe. Akamimina tembo kwa mkono wake, akapiga funda moja akinitazama, akanipa.

"Jumapili baada ya ibada mshenga wako alete barua ya posa," akasema. "Wewe baki nyumbani, ulale."

"Na huyo mshenga," mtani akaongeza, "asiwe amesoma."