Mkono Nyuma ya Mlango wa Kalenga

Mkono ule haukuungua. Ninaanza hapo kwa sababu ndipo watu wanaponikatiza, na afadhali unikatize mapema, kisha uniache nimalize. Nilichomelea matundu matatu ya mlango wa gari huku kiganja cha mtu kikiwa kimegusa bati upande wa pili. Kiganja hakikuondoka, wala sikusikia harufu ya ngozi. Sikuwa nimelewa, sikuwa mgonjwa. Ilikuwa saa nane mchana, hapa hapa Kamina.

Sasa nirudi nyuma. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa vita ile ya pili hapa nchini kwetu. Treni hazikuwa na uhakika tena, na chupa za gazi za kuchomelea, tulizokuwa tukizipata kutoka Lubumbashi, hazikufika. Mafundi wengi wa bodi za magari walifunga kazi. Mimi niliendelea kwa sababu nilikuwa na mashine ndogo isiyohitaji gazi: waya wake una unga ndani, na unga huo ukiungua unatoa moshi unaokilinda chuma. Inarusha cheche, inaacha maganda ya kukwangua, na bati jembamba la gari inalitoboa upesi. Unapiga nukta moja, unaiacha ipoe, unahamia mbali, kisha unarudi. Nyuma ya tundu unashikiza kipande cha shaba, ili chuma kilichoyeyuka kisidondoke. Kipande changu cha shaba kilikuwa kimepotea.

Jirani yangu, Mama Ngoie, alikuwa mwalimu. Mume wake, Kalenga, dereva wa pikapu, alikwenda Kabongo kuchukua mahindi kabla njia haijafungwa. Ilikuwa imepita miezi saba. Ndugu za mume walitaka matanga yakaliwe, ili wachukue nyumba na yeye arudi kwao.

“Munionyeshe maiti,” aliwaambia mbele yangu. “Ao munionyeshe muntu mwenye aliiona. Bila vile, miye iko na bwana, na bwana iko na nyumba.”

Kila alipotoka shuleni alipita kwangu kuuliza kama kuna mtu amefika kutoka njia ile. Hakukuwa na mtu.

Siku hiyo alifika mmoja. Alikuwa mrefu, mwembamba, vumbi hadi kwenye kope, anasukuma kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli, na juu yake amefunga mlango wa gari. Mlango peke yake, umejaa matope makavu, na upande wa ndani umeng'olewa, limebaki bati la nje tu.

“Papa,” nikamwambia, “gari yenyewe inakuya na kinga ingine?”

Hakucheka. “Eyo, vidye,” aliitikia tu, kwa salamu ya heshima ya Kiluba, akafungua kamba na kuusimamisha mlango kwenye fremu yangu ya mbao.

Hakuniambia anataka nini. Mtu akimletea fundi mlango wenye matundu, je, fundi ana haja ya kuuliza? Yalikuwa ya risasi, usawa wa kiuno cha dereva. Nilifanya nilivyofundishwa: nikachukua nyundo, nikalaza midomo ya matundu, nikasaga matope na rangi kuzunguka matundu mpaka bati likang'aa. Kisha nikawasha jenereta na kushusha kofia yenye kioo cheusi.

Nukta ya kwanza, bila shaba nyuma, ilipaswa kutoboa. Haikutoboa. Katika mwanga ule niliona, ndani ya tundu, mistari ya kiganja. Nikadhani mgeni amezunguka nyuma kunisaidia.

“Toa mukono, papa, utaungua.”

Mkono haukutoka. Wewe ungeacha, sivyo? Niamini, niliacha kwa muda wa pumzi chache. Lakini nukta ile ilikuwa nzuri, imelala sawasawa, bati halijajikunja. Katika kazi yangu yote sikuwahi kupata mfano wake. Nikapiga nyingine. Kiganja kikanifuata kutoka tundu hadi tundu, mpaka nikayafunga yote matatu.

Nilipoinua kofia, mgeni alikuwa getini, hatua kumi na tano kutoka kwangu, mikono yote miwili kwenye usukani wa kinga. Nyuma ya mlango hakukuwa na mtu.

“Nani njo alikuambia ufunge?” aliuliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayeulizia njia.

“Sasa weye uliileta juu ya nini?”

“Nilileta muone.”

Akageuza kinga yake, akaenda upande wa stesheni.

Nikakwangua maganda, nikafuta matope. Chini yake rangi ya bluu ilikuwa ya magari mengi, lakini kwenye kona palikuwa na kiraka cha bati la pipa la mawese, mshono wangu mwenyewe. Fundi anaujua mshono wake kama mwandiko. Ulikuwa mlango wa Kalenga.

Mama Ngoie alipokuja, alipitisha vidole mlango mzima. Hakulia. Aliuliza swali moja.

“Papa fundi, midomo ya matundu ilikuwa inaangalia ndani ao inje?”

Unalielewa swali lake? Midomo ikitazama ndani, risasi zilipigwa kutoka nje, na dereva alikuwa amekaa nyuma ya mlango uliofungwa. Ikitazama nje, zilipiga upande wa ndani: mlango ulikuwa wazi, na huenda mtu alikuwa amekwisha kuruka. Jibu lilikuwa pale kwenye ukingo wa bati, nami nililigonga nyundo bila kulitazama.

“Sijui, mama.”

“Weye unajua hata mushono ya miaka ingine.”

“Hii sijui.”

Aliniomba nikate kipande penye tundu moja nililolifunga. Nilikikata polepole kwa msumeno. Nyuma yake, katika chuma kilichoganda, kulikuwa na mistari ya kiganja, wazi kama imepigwa muhuri. Alikilaza juu ya kiganja chake.

“Ni mukono yake?” nikamuuliza.

“Ile mukono nilikuwa naijua kwa kuishika,” alisema. “Sikuiangaliaka.”

Tangu siku hiyo siinui nyundo kabla ya kugeuza kitu pande zote mbili na kumuuliza aliyekileta anataka nini. Mafundi wenzangu wananicheka. Lakini wewe unayefanya kazi ya mikono, nisikilize: usifunge kitu ambacho hukuambiwa ufunge, hasa kama kimetoka vitani, na hasa kama kazi inakwenda vizuri kuliko kawaida.

Ndugu za Kalenga walikuja, wakakishika kipande kile cha chuma, wakasema ni ushahidi wa kifo. Mama Ngoie alisema mkono uliokufa haushiki kitu. Matanga hayajakaliwa, na Kalenga hajarudi.