Kimio cha Mwanangu Hakikatwi

Mama mkwe wangu alimwita mkata kimio kutoka Ruaruke bila kuniambia. Nilishtuka nilipomwona mama huyo katandika mkeka mpya uani, na mwanangu wa miaka sita kapewa haluwa asubuhi yote ile. Haluwa, na wala si Idi! Nikajua kuna jambo.

Mtoto alikuwa anakoroma kama mtu mzima aliyeshinda analima. Mwanzoni tulicheka. Bibi yake alimwita "mume wangu", kama mabibi wa kwetu Maparoni wanavyowatania wajukuu, akasema mume mwenye kishindo hicho atamhamisha kitandani. Mimi niliacha kucheka siku nilipogundua kuwa katikati ya kukoroma sauti hukatika. Kifua kinapanda, tumbo linabonyea, hewa haiingii. Kisha anashtuka, anaivuta pumzi kwa nguvu, analala tena. Mchana alisinzia darasani, mwalimu akamwita mvivu, na neno hilo liliniuma kweli.

Zilikuwa enzi za ruksa. Biashara ilifunguliwa, wanunuzi wa kamba wa baharini wakajaa kwenye delta yetu na boti zao za injini, na mume wangu alikuwa nao huko visiwani. Nikadandia boti yao mojawapo, nikampeleka mtoto kwa tabibu wa zahanati, mtu wa bara. Alimmulika kooni kwa tochi, akaniita nami nitazame.

"Unaona hizi nyama mbili? Ni mafindofindo, yamevimba mpaka yanakaribia kugusana. Akiwa macho, misuli ya koo inaishika njia ikae wazi. Akilala inalegea, njia inaziba, mpaka mwili umshtue ndipo apumue. Huyo usingizi haupati, mama. Apelekwe Dar es Salaam akapasuliwe. Na kimio msikiguse. Mtamtoa damu bure, njia itabaki imeziba vilevile."

Nyumbani nilieleza yote hayo. Mama mkwe alinisikiliza huku anapepeta mchele.

"Watoto wa hapa wote wamekatwa kimio," akasema. "Nani kafa?"

Ndiyo maana siku ile ya haluwa sikutoka uani. Mkata kimio alifika, mzee mpole mwenye kimfuko chake, akakaribishwa kahawa. Mtoto, kwa joto na shibe, alikuwa keshalala kwenye mkeka. Nikakaa kichwani pake. Nilishaamua kwamba atakayemgusa atanipitia mimi kwanza.

"Mama," nikasema, "kabla hajaamshwa, njoo umtazame anavyolala."

"Mumeo nimemlea mimi. Leo unanifundisha kutazama mtoto?"

"Mtazame!"

Sikuwahi kumtolea sauti ile. Mzee alitua kikombe. Mama mkwe akakaa, uso kaukunja, tukamsikiliza mtoto anakoroma. Ghafla sauti ikakatika.

"Haya, katulia," akasema.

"Hajatulia. Weka mkono puani."

Akaweka. Tumbo la mtoto lilikuwa linahangaika kupanda na kushuka, na kwenye kiganja chake hakikuja kitu. Alinitazama mimi, akamtazama mzee, kisha akamshika mtoto mabegani akamtikisa kwa nguvu.

"Mume wangu! Amka, mume wangu!"

Mtoto akavuta pumzi, akaanza kulia kwa kukatishwa usingizi. Mama mkwe alimpakata, akamwomba mzee radhi kwa kumsumbua. Halafu akaniuliza boti ya Dar es Salaam inaondoka lini, akaingia ndani kufunga nguo zake na zangu. Sikuwa nimemwomba twende wote.

Mtoto alipasuliwa. Jioni ya pili, wodini, alilala kinywa kimefungwa, pumzi zake zinafuatana vizuri, hata kuzisikia mpaka uinamie. Mimi nilikuwa na furaha ya kutaka kuimba. Mama mkwe alikuwa kaganda kwenye kiti, macho hayabanduki kwenye kifua cha mjukuu wake. Alikuwa hajalala tangu tufike.

"Jinyooshe kidogo, mama," nikamwambia. "Sasa anapumua."

Akamrekebishia mtoto shuka.

"Wangu wa kwanza alikuwa umri huu," akasema. "Kabla ya mumeo. Naye alikoroma hivi hivi. Alfajiri moja nikamwona katulia. Nikawaambia watu wasipige kelele, mtoto leo kapata usingizi."

Sikumwambia tena alale.