Kuku wa Mama Nekesa ukutani

Watu wangu, leo hapa Amalemba mtu mzima amefuta kuku wa mwenzake.

Kuna msanii alikuja na makopo ya rangi, akatuambia ukuta wa soko ni wetu, kila mtu achore anachotaka.

Mama Nekesa, jirani yangu anayeuza mboga, akachora kuku. Miguu mirefu, jicho kubwa. Tulicheka mpaka na yeye akacheka. Sijamwona akifurahi hivyo tangu amzike mzee wake.

Akaenda kunawa mikono.

Kurudi, kuku hakuna. Msanii amepaka buluu juu yake!

"Kuku yangu iko wapi?"

"Mama, nimerekebisha kidogo tu. Wageni wanakuja kupiga picha."

Kurekebisha! Kuku mzima!

Mama Nekesa akachovya brashi kwenye rangi nyekundu, akachora mwingine palepale, mkubwa kuliko wa kwanza. Sisi tukasimama nyuma yake, tunamkazia macho huyo bwana. Thubutu uguse.

Wageni wakafika. Mmoja akauliza, "Nani amechora huyu kuku mzuri?"

Bwana msanii, bila haya hata kidogo: "Tumechora pamoja."

Mtu kama huyu, kwenu mnamwitaje?