Mikono Miwili ya Kushoto

Kaka yangu mkubwa, ambaye mimi humwita yaya, alikuwa fundi cherehani tangu tukiwa mtaa wa Kinama. Vita vilipotutoa huko tulihamia Buyenzi, katikati ya Bujumbura, na cherehani moja tuliyoibeba kwa zamu. Mwenye duka la vitambaa akatupa nafasi barazani kwake. Yaya alikata na kushona. Mimi, dada yake mdogo, nilipiga pasi, nikashona vifungo na pindo.

Alikuwa fundi wa kweli, na fundi wa kweli si yule asiyekosea. Yaya alikosea kila siku. Lakini mshono ukienda upande, kabla hata hajautazama, alisonya, mguu ukasimama, akafumua.

Kisha akaanza kuvuta bangi. Risasi zilisikika milimani, na alisema moshi ule unampunguzia kelele kichwani. Alivuta mchana, baada ya kula, nyuma ya ukuta. Akirudi, cherehani ilikimbia bila kusimama, naye akajiona amezidi kuwa hodari. Mimi ndiye niliyekuta mifuko imeshonwa mdomo, kola zimegeuzwa ndani nje. Nilizifumua kwa wembe na kuzishona upya kimyakimya, maana nilimheshimu, tena niliogopa kupoteza wateja. Kwa hiyo hakujua, na mimi nilimsaidia asijue.

Likaja gauni la mama mmoja wa mtaa wa Kinindo, la kuvaa kwenye harusi ya binti yake. Mipaka ilikuwa imefungwa miezi hiyo, na kitambaa kile hakikupatikana tena mjini. Yaya alilimaliza mchana mmoja. Mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto. Safari hii wembe haukuwa na la kufanya. Kosa lilikuwa la mkasi.

Asubuhi nilimtandikia gauni mezani kabla hajavuta. Akasonya papo hapo.

"Nani ameshona hii?"

"Ni we, yaya. Jana mchana."

Akasema hapana, angeona. Nikamweleza habari yote ya wembe. Alikasirika kwanza kwa kufichwa, kisha akasema mwenyewe tujaribu. Tulichukua magunia matupu ya unga yawe kitambaa cha jaribio. Asubuhi ile alishona mikono sita ya shati. Alikosea mara tatu, akagundua mwenyewe mara zote tatu. Mchana akavuta, akashona mingine sita. Nilipomuuliza kama kuna kosa alisema hakuna, na hakuwa na shaka hata kidogo. Kesho yake nikamwekea kazi hiyo ya mchana mbele yake. Alihesabu makosa manne kwa kidole, polepole.

"Kukosea mi nimezoea," akasema. "Kukosea na sijue, hiyo naogopa."

Tulikwenda Kinindo siku hiyohiyo, kwa miguu. Nilidhani atasingizia cherehani. Badala yake alimwambia yule mama, mbele ya dada za mama huyo waliokuwa wakinywa chai sebuleni, kwamba amemharibia kitambaa, na kwamba alikuwa amevuta. Yule mama akamuuliza kama mkasi bado unaweza kuaminiwa mkononi mwake. Yaya akajibu kwamba asubuhi, ndiyo. Mchana bado hajiamini, kwa hiyo dada yake atakaa karibu amtazame. Akashauri mikono ikatwe iwe mifupi, ya marinda, isiyo na kushoto wala kulia. Mama akakubali.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, gauni likiwa mikononi mwangu, na nakumbuka shingo yangu ilivyonyooka. Nilikuwa nimesikia watu wakimsifu yaya mara nyingi. Sikuwa nimemwona mkubwa kiasi kile.

Kuacha bangi kulimchukua msimu mzima wa mvua. Alitetemeka, alikosa usingizi, akarudia mara mbili, na mara zote mbili aliniambia kabla ya kugusa kitambaa. Siku hizo yeye alipiga pasi huku akinielekeza, na mimi nikashika mkasi na cherehani. Ndivyo nilivyojifunza kukata. Wateja wakiniuliza nani alinifundisha, nasema ni kaka yangu, na nawaambia pia alinifundisha siku zipi.