Silinda Nane za Constant

Ukimuuliza Constant anafanya kazi gani, atakujibu kwamba ana Mustang ya mwaka sitini na saba. Kazi yake hasa ni kuendesha basi hapa Brussels, basi refu la umeme lisilo na sauti, linalowapita vikongwe kituoni bila wao kulisikia. Lakini hiyo ni kazi ya kutafuta mkate tu. Basi si lake, na halina silinda hata moja.

Alizaliwa Likasi, Katanga, nchini Kongo, akasomea umakanika Lubumbashi. Ugonjwa wa magari ya Kimarekani ulimpata angali mdogo, siku meneja mmoja wa mgodi alipopita mtaani kwao na gari jekundu lenye mngurumo wa kutikisa mabati. Constant alilikimbilia nyuma hadi akapoteza kiatu kimoja. Hakupona tena. Alipokuja Ulaya alipata makaratasi, akapata kazi, akapata mke, Lucienne, na nyumba yenye gereji kule Ganshoren, mahali palipotulia kiasi kwamba jirani akipiga chafya unamwombea afya ukiwa jikoni kwako. Baada ya hapo akaenda kununua gari lake.

Na hapo ndipo alipofanya kituko. Muuzaji alikuwa bwana mmoja mpole wa karibu na Charleroi. Mvua ilikuwa inanyesha. Constant aliiona nembo ya V8, yaani silinda nane, ubavuni, akaketi kwenye kiti cha ngozi, akasikia injini ikinguruma, machozi yakamlenga. Akatoa pesa. Fundi mzima, mwenye cheti, alinunua injini bila kuitazama! Alifungua boneti kesho yake, gerejini, mlango umefungwa. Akahesabu plagi, moja kwa kila silinda: sita. Akaanzia upande wa pili. Zilikuwa bado sita.

Sasa tuelewane. Silinda sita si dhambi. Ford walipoitoa Mustang, jina la farasi wa mwituni, mwaka sitini na nne, watu chungu nzima waliichukua na injini hiyo hiyo, maana walitaka sura ya farasi na matumizi ya punda. Ila punda hasimuliwi. Zinazosimuliwa ni zile za nane, na vita vyao. Chevrolet walijibu kwa Camaro, na walipoulizwa jina hilo maana yake nini, wakasema ni mnyama mdogo mkali anayekula Mustang. Kila mwaka pande zote mbili zikaongeza nguvu, zikaunguza matairi, mpaka bima na bei ya petroli zikawakaba koo mwanzoni mwa miaka ya sabini. Vita vikaisha Marekani. Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, havikuisha.

Havikuisha kwa sababu ya Anaclet. Huyu ni mtu wa Butembo, Kivu, mlezi katika nyumba ya wazee, bwana mpana mwenye Camaro ya manjano. Kila Jumapili baada ya ibada waliegesha magari yao Matonge, pua kwa pua, injini zimezimwa. Wanawake walitoka saluni vichwa vimesukwa nusu ili wasikilize. Watu wa Katanga walisimama upande wa Ford, watu wa Kivu upande wa Chevrolet, hata wale ambao maishani mwao hawajawahi kuwa na baiskeli.

"Ford ilianza," Constant husema kwa Kiswahili chao cha Kongo. "Chevrolet ikabakia inalala. Kiisha ikaamuka, ikacopier, ikaiga!"

"Njo vile," Anaclet hukubali. "Donc mwanafunzi alicopier, kiisha akapita mwalimu."

Lazima mtu apige kelele boneti zifunguliwe: "Bon, mufungule capot tuone!" Hapo adabu huwazidi wote wawili.

"Fungula ya kwako kwanza, papa," Anaclet husema. " Weye njo mukubwa."

"Hapana, papa. Weye njo ulifika wa kwanza."

Ni kweli, Anaclet alifika wa kwanza siku zote, na aliondoka wa mwisho, watu wakiwa wametawanyika. Constant aliona hicho ni kiburi. Nyani haoni kundule. Yeye mwenyewe alikuwa amefunga bomba la moshi nene kama mkono ili injini yake iungurume kuliko umri wake na uwezo wake, na miaka kumi na miwili ilipita bila mtu kuona kilicho chini ya boneti. Hata Lucienne hakujua. Debe tupu haliachi kuvuma.

Halafu Myriam, binti yake wa pekee, akapata mchumba. Brussels nzima ina vijana wazuri, wenye kazi na wasio na kazi, lakini yeye alimpenda Bienaimé, mpwa wa Anaclet. Constant aliisugua Mustang siku mbili. Kisha akatoa sharti moja tu: bibi harusi ataingia kanisani kwa Mustang.

"Sawa," alisema Anaclet. "Miye nitafuata na bamaman. Camaro inajua kufuata Mustang. Iko inatafuta chakula."

Siku ya harusi msafara ulitoka Ganshoren honi zikilia, utepe mweupe ukipepea. Magari yaliyozaliwa ili yashindane kwa kasi yalitambaa kilomita thelathini kwa saa, kama sheria ya jiji inavyotaka, yakipitwa na baiskeli. Constant alishika usukani kwa vidole viwili. Hakuna mfalme aliyewahi kukaa vizuri kuliko yeye. Walipofika Matonge, mbele ya saluni zote na baa zote, Mustang ikakohoa, ikatetemeka, ikanyamaza.

Watu wakajaa. "Capot! Capot!"

"Ni kitu kidogo," Constant alisema jasho likimtoka. "Musukume tu."

Wakasukuma, wanaume wenye suti na viatu vya kung'aa, lakini mlima ukawashinda. Padri alikuwa na ndoa nyingine baada ya hii. Ndipo Anaclet, ndani ya suti ya buluu, akashuka kutoka kwenye Camaro, akarekebisha tai, akasema kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara: "Alors, mariée, bibi harusi yetu, apande kwangu."

Kicheko kilichopasuka! Mnyama mdogo amekula. Constant akaisogelea Mustang. Akamtazama binti yake dirishani.

"Papa," Myriam alisema taratibu, "tangu utoto nilisema nitafika ku kanisa, weye unashika volant. Sipandi gari ingine. Fungula tu."

Mficha maradhi kifo humuumbua, na cha Constant kilikuwa kimevaa suti ya buluu. Alifikiria baa zile, na Jumapili zote zijazo. Akamtazama tena Myriam katika shela lake. Akavuta boneti, ikafunguka.

Anaclet ndiye aliyeinama wa kwanza, mgongo wake mpana ukiziba kila kitu. Kisha akanyoosha kidole, akaanza kuhesabu kwa Kifaransa, kwa sauti ya mnadani: "Un! Deux! Trois! Quatre! Cinq! Six!" Kidole kilifika mwisho wa mstari wa plagi. Constant akafumba macho.

"Sept!" Akafumbua. Kidole kilikuwa juu ya betri. "Huit!" Hiyo ilikuwa chupa ya maji ya kuoshea kioo.

"Huit, bandugu! Nane! Miye mwenyewe nimehesabu!"

Matonge ikalipuka kwa vigelegele. Kabla havijaisha, mkono wa Anaclet ulizama ubavuni mwa injini, bila kupapasa, ukarudisha waya uliochomoka. Constant alikuwa fundi, pamoja na yote. Alijua kwamba injini ya silinda nane haina waya wake upande ule. Mkono uliozoea nane ungetafuta kwingine.

"Anaclet," alinong'ona, "na ya kwako?"

Anaclet akafunga boneti, akamwita mkwe kwa Kilingala. "Washa moteri, bokilo. Bakiona ya kwako leo, kesho batataka kuona ya kwangu."

Walifika kanisani wamechelewa kidogo tu. Padri aliwaombea maarusi wasifichane neno lolote maishani mwao, na wazee wawili wa kiti cha mbele wakaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko kanisa zima.

Jumapili iliyofuata, asubuhi, Camaro iliingia gerejini kule Ganshoren, mlango ukafungwa kwa ndani, boneti mbili zikafunguliwa: silinda sita na sita. Constant alisimulia habari ya yule mpole wa Charleroi, mvua na machozi na yote, kwa mara ya kwanza maishani. Anaclet alicheka mpaka akaketi juu ya tairi. Kisha akasimulia ya kwake, ambayo ilikuwa mbaya zaidi. Constant alifurahi kama mtu aliyevua kiatu kinachobana.

Mchana walikuwa Matonge, pua kwa pua. Mtu mmoja wa Likasi akapaza sauti: "Ya Mustang tulisikia. Na Camaro, ifungulwe!"

Constant akaweka kiganja juu ya boneti ya manjano. "Hakuna haja. Miye mwenyewe nilihesabu. Iko huit."

"Merci, bokilo," Anaclet alisema chini chini. Kisha akawageukia watu. "Iko huit, ndiyo. Lakini huit ya kwangu njo ya nguvu kupita ya kwake!"

Na Constant, aliyeujua ukweli wote, akakasirika kweli kweli.